Maisha ya Bibi Sophie Taeuber-Arp, Fundi wa Nyuzi na wa Miti

Katika nchi nyingi iko desturi ya kuzipanga kazi za mikono kama wageni wapangwavyo karamuni: hizi zikae mbele, zile zikae nyuma. Mtu achongaye sanamu hupewa heshima, na jina lake huandikwa chini ya sanamu yake. Bali mwanamke afumaye nguo, au adariziye foronya, au atungaye ushanga, kazi yake husifiwa siku moja; kisha hukaliwa, huvaliwa, huchakaa, wala hapana aulizaye jina la aliyeifanya. Habari tunayoisimulia leo ni ya mwanamke wa Uswisi aliyezifanya kazi hizo zote, za mbele na za nyuma, akakataa maisha yake yote kuzitenga. Jina lake ni Sophie Taeuber-Arp.

Utoto wake

Sophie Taeuber alizaliwa tarehe 19 Januari 1889 mjini Davos, katika milima mirefu ya mashariki ya Uswisi. Siku zile mji huo ulijulikana sana kwa wagonjwa wa kifua, maana waganga wa Ulaya waliamini ya kuwa hewa kavu ya milimani huwafaa. Baba yake, Emil Taeuber, alikuwa mtu wa Prussia katika Ujerumani, na kazi yake ilikuwa kutengeneza dawa na kuziuza. Lakini mwenye dawa huyo naye alishikwa na kifua kikuu, akafa Sophie alipokuwa mtoto wa miaka miwili tu.

Mama akabaki mjane, na watoto wanamtazama yeye. Akawachukua akahamia Trogen, katika nchi ya Appenzell, akafungua nyumba ya kupokea wageni wa kulipa, na kwa mapato yake akawalea. Huyo mama ndiye aliyemshikisha Sophie sindano kwanza, akamfundisha kushona.

Tena mahali penyewe palimfaa mtoto wa namna hiyo. Pande za Appenzell, na mji wa St. Gallen ulio karibu, zilikuwa mashuhuri kwa nguo za kudariziwa. Karibu na mwaka wa 1910 nguo hizo zilikuwa bidhaa kubwa kuliko zote zilizotoka Uswisi kwenda nchi za nje. Kwa hiyo katika pande zile kazi ya sindano haikuwa mchezo wa kupitisha jioni. Ilikuwa chakula cha nyumba nyingi.

Mafunzo

Alipokuwa msichana mkubwa, Sophie aliingia shule ya ufundi huko St. Gallen, akajifunza kubuni nakshi za nguo hata mwaka wa 1910. Kisha akaenda Ujerumani, mji wa München, katika karakana za shule ya Wilhelm von Debschitz. Yatupasa kujua kwamba chuo kikuu cha uchoraji na uchongaji cha mji ule kilikuwa kikiwafungia wanawake mlango, wala hakikuwapokea mpaka mwaka wa 1920. Shule ya Debschitz iliwapokea waume kwa wake, na mwanafunzi hakukaa akichora karatasini tu, bali alikishika chombo chenyewe cha kazi. Huko Sophie alijifunza pia kazi ya mti, hata kuukereza. Katikati alikaa mwaka mmoja Hamburg katika shule ya ufundi, kisha akarudi München.

Mwaka wa 1914 vita kuu vilipoanza, aliondoka Ujerumani akarudi kwao Uswisi, nchi ambayo haikuingia vitani. Akakaa Zürich. Mji ule ulijaa watu waliokimbia vita kutoka kila upande: waandishi, wachoraji, waimbaji, na vijana wasiotaka kuuawa wala kuua. Mmoja wao alikuwa Hans Arp, ambaye Wafaransa humwita Jean, mtu wa Strasbourg. Mwezi wa Novemba 1915 Bwana Arp aliweka kazi zake katika nyumba moja ya maonyesho mjini Zürich, na Sophie akaenda kuzitazama. Ndipo walipojuana.

Kanuni ya kitanda cha mfumi

Sasa na tueleze jambo lililo shina la kazi zake zote. Nguo hufumwaje? Kwanza nyuzi za mtande hunyoshwa sawasawa toka mwisho huu hata mwisho huu. Kisha nyuzi za mshindio hupitishwa kati yake toka upande hata upande. Basi kila nguo ina njia mbili tu, ya wima na ya kulala. Mfumi akitaka kuonyesha umbo la duara, ukingo wake hutokea kama ngazi ndogo ndogo. Mraba kwake ni rahisi. Mviringo ni wa kushindania.

Wachoraji wengi wa Ulaya katika miaka ile walikuwa wakitafuta namna ya kuchora picha isiyofuata umbo la mtu, wala mnyama, wala mlima, yenye rangi na mistari tu. Wengine walifika huko kwa kufikiri sana na kwa kuandika vitabu. Bibi Sophie alifika kwa njia ya mikono. Tangu mwaka wa 1915 na 1916 alifanya kazi za nyuzi na za rangi zilizogawanyika katika miraba na mistatili, wima na kulala, kama kitanda cha mfumi kinavyoagiza. Alizifanya juu ya kitambaa, na juu ya karatasi vilevile. Mtu akizitazama hizo mbili hawezi kusema ipi ni picha na ipi ni mfano wa foronya. Yeye mwenyewe hakuona haja ya kusema.

Mwaka wa 1918 yeye na Arp walifanya pamoja picha za vipande vya karatasi. Hawakukata kwa mkasi, bali kwa mashine ya kukatia karatasi, ili pasionekane mkono wa nani umepita wapi. Sifa ya mmoja ikafichwa katika kazi ya wawili.

Mwalimu wa mchana na mchezaji wa usiku

Mwaka wa 1916 Bibi Sophie alipewa kazi katika shule ya ufundi ya Zürich, afundishe kudarizi na kubuni nakshi za nguo. Akaifanya kazi hiyo miaka kumi na mitatu, hata mwaka wa 1929. Haikosi kutajwa kwamba kwa miaka mingi mshahara wa mwalimu huyo ndio uliolisha nyumba yao, kwa sababu mashairi na sanamu za Arp hazikuleta fedha ya kutosha.

Alikuwa mwalimu wa bidii. Mwaka wa 1922 aliandika maneno machache juu ya kazi hiyo, akajiuliza swali ambalo kila fundi wa urembo huulizwa: katika siku zenye taabu nyingi, na mambo mengi yanayohitajiwa zaidi, mbona mtu apoteze saa zake akipanga rangi na nakshi? Jibu lake lilikuwa kwamba hamu ya kufanya kitu kizuri, ikiwa ni ya kweli na ya ndani, ni moja na ile bidii ya mwanadamu ya kutafuta ukamilifu. Tena mwaka wa 1927, pamoja na mwalimu mwenzake Blanche Gauchat, alitoa kitabu cha kuwasaidia walimu wafundishao kuchora kwa ajili ya kazi za nguo.

Lakini mwalimu huyo alikuwa na maisha mengine ya usiku. Mwezi wa Februari 1916 Hugo Ball na Emmy Hennings walifungua mjini Zürich ukumbi mdogo ulioitwa Cabaret Voltaire. Wakimbizi wa vita walikusanyika humo, wakasoma mashairi yasiyo na maana, wakapiga ngoma na kelele, wakajiita Dada. Waliona ya kuwa wakubwa wa Ulaya, pamoja na maneno yao yote ya busara, wanaiteketeza dunia. Basi wakaijibu busara hiyo kwa upuzi. Bibi Sophie alikuwa amejifunza kucheza katika shule ya Rudolf von Laban, akacheza mbele ya kundi lile. Kwa kuwa shule yake isingependezwa kumwona mwalimu mahali kama pale, hucheza uso wake umefunikwa kwa kinyago. Asubuhi alirudi darasani, akashika sindano.

Vikaragosi na vichwa vya mti

Mwaka wa 1918 aliombwa kutengeneza vikaragosi vya mchezo wa Mfalme Paa, hadithi ya zamani ya Mwitalia Carlo Gozzi, kwa ajili ya ukumbi wa vikaragosi wa Zürich. Watu walizoea vikaragosi vyenye nyuso kama za watu na nguo za kupendeza. Bibi Sophie hakuvificha viungo. Alivibuni kwa mapande ya mti yaliyokerezwa: tufe kwa kichwa, mche wa duara kwa mkono, pia kwa vazi, yakaungwa kwa vipete vinavyoonekana wazi, kisha yakapakwa rangi. Askari wa mfalme alimfanya kuwa na mikono mingi na miguu mingi na panga mkononi, kana kwamba jeshi zima limekuwa mashine moja. Mwaka ule, vita vikiwa havijaisha, kila mtazamaji aliweza kuelewa. Lakini homa kuu ya mafua ilikuwa ikienea Ulaya, na mchezo haukuchezwa ila mara chache. Vikaragosi vyenyewe vimehifadhiwa Zürich katika nyumba ya makumbusho.

Katika miaka ile ile, kati ya 1918 na 1920, alifanya vichwa vya mti vinavyojulikana kuliko kazi zake zote. Vimekerezwa laini kama kibao cha kuwekea kofia dukani, na nyuso zimechorwa kwa rangi: jicho ni mviringo, pua ni kipande kilichosimama, na shavu limegawanyika kwa mistari kama kitambaa. Kimoja ni sura ya Hans Arp. Picha ya mwaka wa 1920 yamwonyesha Bibi Sophie amesimama nyuma ya kichwa kimojawapo, nusu ya uso wake imefichwa nacho.

Hapa twaona mfumi na mchongaji wamekuwa mtu mmoja. Mchongaji wa desturi huanza na gogo, akaondoa mti kidogo kidogo mpaka sura itoke. Bibi Sophie alianza na umbo lililo tayari, lile ambalo mkereza hulifanya kila siku kwa miguu ya viti na kwa mabakuli. Akalipa rangi kwa kanuni ya nguo. Sanamu zake zikawa jamaa za vyombo vya nyumbani. Naye tangu mwaka wa 1916 alikuwa amekwisha kutengeneza vyombo vya mti vilivyokerezwa, vyenye vifuniko. Wakati huo huo aliendelea kufanya mikoba ya ushanga, foronya, vitambaa vya meza na mazulia, akaviuza.

Strasbourg na nyumba ya Clamart

Sophie na Arp walioana mwaka wa 1922. Miaka michache baadaye ikaja kazi kubwa kuliko zote. Mjini Strasbourg lilikuwako jengo la karne ya kumi na nane liitwalo Aubette, katika uwanja mkubwa wa mji. Ndugu wawili, Paul na André Horn, walikuwa na haki ya kulitumia, wakataka kulifanya mahali pa kulia, kunywa, kutazama sinema na kucheza. Wakamwomba Bibi Sophie alipambe ndani. Kazi ilikuwa pana, naye akamwita mumewe, na Mholanzi Theo van Doesburg, wakagawana vyumba. Kati ya 1926 na 1928 alifanya chumba cha chai na vyumba vinginevyo. Kuta, dari na sakafu alizigawa katika miraba na mistatili ya rangi, hata mtu aliyeketi na kikombe chake alikuwa kama yumo ndani ya nguo iliyofumwa.

Mapambo yalifunguliwa mwezi wa Februari 1928. Lakini wenyeji wengi hawakuyapenda. Baada ya muda wenye mahali wakaanza kubadili hapa na kufunika pale, na kabla ya vita vya pili kazi ile ilikuwa imekwisha kufichwa. Bibi Sophie alikufa bila kuiona tena. Vyumba vya orofa ya kwanza vilikuja kutengenezwa upya baada ya miaka mingi, kazi ikamalizika mwaka wa 2006.

Ujira wa kazi ya Strasbourg uliwapa uwezo wa kujenga nyumba huko Clamart, karibu na Paris. Bibi Sophie mwenyewe alichora ramani yake, akabuni na samani za ndani. Ni nyumba ya orofa tatu, ya mawe ya nchi ile, yenye mahali pa kufanyia kazi kwa mume na mke. Mwaka wa 1929 akaacha ualimu, akahamia huko.

Kwa mara ya kwanza hakuwa na darasa la kumngoja. Akafanya picha nyingi, na sasa duara, ile iliyomshinda mfumi, ikawa rafiki yake. Akapaka miduara juu ya turubai, akaikata katika mbao zilizopakwa rangi, na mwaka wa 1937 akafanya sanamu za mti uliokerezwa kwa maumbo ya mviringo. Mwaka huo huo yeye na mumewe walifanya pamoja sanamu moja ya mti wakaipa jina la Sanamu ya Ndoa. Tena, kati ya 1937 na 1939, alisimamia gazeti la kazi za namna hiyo lililoitwa Plastique. Zilitoka toleo tano.

Kukimbia, na mauti

Mwaka wa 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoikaribia Paris, Sophie na Arp waliiacha nyumba yao na kazi zao, wakakimbilia kusini ya Ufaransa. Mwisho wakakaa Grasse mwaka wa 1941 na 1942, pamoja na rafiki zao Sonia Delaunay na Alberto Magnelli. Turubai na rangi zilikuwa adimu, mti na kerezo havikuwako. Bibi Sophie akachukua penseli za rangi na karatasi. Michoro ya siku hizo ni mistari inayopinda na kuzunguka, kama uzi uliolegea baada ya kutoka katika kitanda cha mfumi. Mtu aliyezoea kufanya kazi kwa kilicho karibu hakosi cha kufanya.

Mwezi wa Novemba 1942 Wajerumani waliingia na kusini pia. Wakati huo wawili hao walivuka mpaka, wakarudi Uswisi, katika mji ule ule wa Zürich walipokutana miaka ishirini na saba kabla yake.

Ilikuwa baridi ya Januari. Usiku mmoja Bibi Sophie alilala katika nyumba ya rafiki yao, Max Bill, mchongaji na mjenzi. Chumbani lilikuwamo jiko la kupashia joto, na njia yake ya moshi haikuwa wazi kama ipasavyo. Hewa ya sumu itokayo katika jiko la namna hiyo haina rangi wala harufu, wala haimwamshi aliyelala. Tarehe 13 Januari 1943 alikutwa amekufa. Zilibaki siku sita tu atimize miaka 54. Alikuwa amepita salama katika njia za vita, akafa kwa jiko, katika nchi ya amani.

Arp alivunjika moyo, na kwa muda mrefu hakuweza kufanya kazi. Baadaye alijitahidi kuzikusanya kazi za mkewe na kuzitangaza. Hata hivyo kwa miaka mingi watu wengi walimtaja kama mke wa Arp kwanza, na kama fundi baadaye. Na walipozihesabu kazi zake waliziweka mbele picha na sanamu, na foronya na mikoba ya ushanga wakaiacha nyuma. Desturi ile ya karamu ikamfuata hata kaburini.

Mwaka wa 1995 Benki ya Taifa ya Uswisi ilitoa noti mpya za fedha. Noti sita zilikuwa na sura za watu sita wenye sifa, na katika hao mwanamke alikuwa mmoja: Bibi Sophie Taeuber-Arp, katika noti ya faranga 50. Noti hiyo ilitumika kwa miaka mingi, ikaondolewa katika matumizi mwaka wa 2021. Mwaka huo huo yakaanza maonyesho makubwa ya kazi zake, Basel kwanza, kisha London, kisha New York. Humo vichwa vya mti, vikaragosi, picha, foronya na mikoba viliwekwa pamoja katika vyumba vile vile, bila hiki kuwekwa juu ya kile.

Kwa miaka ishirini na sita, basi, muuza maziwa na mchukuzi na mwenye hoteli wa Uswisi walipeana sura yake mkono kwa mkono sokoni, wengi bila kumfahamu ni nani. Noti zikachakaa kama nguo zichakaavyo, zikaondolewa. Pengine mwenyewe asingeona vibaya. Alifanya vitu vingi ili vishikwe na kutumiwa, naye alijua ya kuwa kitu kilichofanywa vizuri hakipungui uzuri kwa sababu kinatumika.